Mji wa Maji Sebuleni kwa Otmar

Ukiingia nyumba ya udongo pale Ushirombo, ukapitisha kiganja ukutani ukaukuta laini mpaka ukashangaa kama ni udongo kweli, uliza ni nani aliyeusiriba. Zamani jibu lilikuwa moja: Anisia, mama yake Coletha. Mwanamke yule alikuwa na mkono. Wengine wakisiriba, kiangazi hakijaisha ukuta umepasuka nyufa na vipande vinadondokea kwenye sufuria ya mboga. Wa Anisia ulikaa. Alijua udongo wa kichuguu unataka samadi kiasi gani, majivu yaingie lini, maji yakomee wapi. Alikuwa haringi, lakini mdomo alikuwa nao. Ukimkorogea udongo vibaya alikupasha hapo hapo, hata mumeo akiwa anasikia.

Ufundi huo ndio uliomponza. Wapo wanaosema aliponzwa na wifi yake, na wapo wanaomfariji kwamba nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1974 watu walipohamishiwa kwenye vijiji, kwa hiyo hata kama asingeigusa, kuta zile zisingekuwapo leo. Maneno ya kufariji ni rahisi kwa mtu ambaye hajapoteza kitu. Anisia huyasikiliza, hushukuru, kisha hubadili mazungumzo.

Mumewe, Otmar, alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Usidhani alichimba. Alikuwa mpaka rangi. Miaka tisa alipaka milango, mabati na mabomba, akaandika vibao vya hatari kwa herufi nyekundu ambazo wachimbaji wengi hawakujua kuzisoma, walijua tu kwamba penye wekundu wa Otmar mguu haupiti. Nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wakati wa kupanda. Mwaka 1966 mgodi ulipofungwa akarudi moja kwa moja, na baiskeli, na godoro, na makopo kumi na moja ya rangi ya mafuta, kila kopo likiwa na robo au pungufu.

Majirani walikuwa wametegemea redio, au walau cherehani. Dada yake Otmar, Paskalina, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya shamba la mihogo, alifunua kopo moja, akanusa, akalifunika.

"Miaka tisa kwenye dhahabu," akasema, "umeturudishia harufu."

Otmar akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hata pale ambapo mwingine angenuna wiki nzima.

Mwaka uliofuata, pamba ilipokwisha kuvunwa, akaanza kuchora kwenye ukuta wa sebuleni, ule unaotazamana na mlango. Akamwambia mkewe kwamba anachora mji aliouona kwenye picha ya klabu ya Wazungu kule Geita, mji ambao barabara zake ni maji. Watu wa huko, akasema, mtu akitaka kwenda kanisani anapanda mashua, akitaka kwenda dukani anapanda mashua, na hata jirani ukitaka kumwomba chumvi unapiga kasia.

"Na wakilewa?" Anisia akamuuliza.

"Wanalala humo humo mpaka asubuhi."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote juu ya mji ule. Baada ya hapo Anisia alikuwa na shamba, kuku, mtoto wa kike anayekua haraka, na sakafu yenye matone ya rangi ambayo hayatoki hata ukisugua kwa mchanga. Harufu ya mafuta ya taa ambayo Otmar alichanganyia rangi iliingia mpaka kwenye ugali. Aliona brashi zimelowekwa kwenye kikombe chake cha chai. Palizi lilikuwa linamngoja mwanamume, na mwanamume amepiga magoti mbele ya ukuta akiweka doa moja jeusi, anarudi nyuma, analitazama, anacheka peke yake, anaweka jingine.

Wageni ndio walioufaidi mji ule. Walianza mmoja mmoja, kisha wakawa wanakuja Jumapili baada ya misa, wakisimama hapo na viatu vya kanisani. Walisema mashua zilikuwa nyingi kama watu wa mnadani, zinapigana vikumbo, kila moja na shughuli yake. Ipo iliyobeba pamba, ipo iliyobeba mkaa, nyingine bibi harusi na wapiga vigelegele. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu ya michembe, vile viazi vilivyokaushwa, anayauza kutoka mashua hadi mashua. Na palikuwa na ng'ombe, dume la pembe ndefu, limesimama kwenye mashua peke yake bila mchungaji, limetulia kama mzee aliyelipa nauli. Ng'ombe yule alipendwa kuliko watu wote mle ndani. Habari zake zilitembea.

Mwaka wa tatu Otmar alianza kuharibika, kwa macho ya mkewe. Alijigonga kwenye miimo ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alikanyaga vifaranga. Alimwaga debe zima la maji lililokuwa mbele yake kabisa, akasimama analitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyelipiga teke. Baiskeli akaacha kuipanda, akawa anaikokota. Anisia aliuita uzembe, na alisema hivyo kwa sauti. Mtu akikesha na mji wa watu wasiojulikana, akasema, miguu yake mwenyewe atasahau ilipo. Otmar alicheka tu.

Ndipo wakwe walipotuma habari.

Coletha alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja, Selestine, mtoto wa mzee Ngassa wa Bugarama. Mzee Ngassa alikuwa mfugaji mwenye jina, na aliposema anakuja mwenyewe kuzungumzia mahari mwezi wa tisa mwaka 1970, nyumba nzima ilishika moto. Huko kwetu wakwe hawaingizwi kwenye nyumba yenye ukuta wa mwaka jana. Nyumba husiribwa upya, ndani na nje, udongo uwe haujapata hata doa la moshi. Mkwe akiingia, kabla hajakaa, anapitisha jicho ukutani. Hasemi kitu, ila wote wanajua anachokipima: mama wa nyumba hii ni mtu wa namna gani, na binti aliyelelewa humu atamtunza vipi mwanangu. Na mama wa nyumba hii hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa Anisia, ambaye kuta zake zilisifiwa tarafa nzima.

Alisiriba nje siku mbili. Akasiriba chumbani. Akasiriba kuta tatu za sebuleni. Kisha akakaa kwenye kigoda, akautazama mji wa maji kwa jicho la fundi, yaani aliona ukuta mmoja mchafu kati ya kuta tatu safi.

Paskalina alikuwa mlangoni na mikono kiunoni.

"Wifi, hapo utapaachaje? Watasema huyu alisiriba mpaka akachoka."

"Ni kazi ya kaka yako."

"Kaka yangu siye anayeolewa. Ngassa atauliza nani fundi wa nyumba hii, wewe au yeye? Utamwambia nini?"

Maneno yale yalimwingia. Tusimtwishe Paskalina mzigo wote, kwa sababu Anisia alikwisha kukata shauri kabla wifi yake hajafika. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsukuma tu. Asubuhi ile alikuwa amemwomba Otmar maji ya kusiribia, na Otmar alikuwa amesomba madebe sita kutoka lambo, akiikokota baiskeli, bila kuuliza ni ya ukuta gani. Kisha akapata lifti ya kwenda Kahama kununua sukari, majani ya chai na shati la kuvaa mbele ya wakwe. Anisia alijiambia kwamba mume aliyeleta maji amekubali.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi yeyote wa udongo analijua. Udongo haushiki kwenye rangi ya mafuta. Msiribaji wa ovyo angeubandika hivyo hivyo juu ya picha, ukakaa miezi mitatu, kisha ukaanza kubanduka, na kufikia masika mji ungekuwa unachungulia tena na mashua zake. Laiti Anisia angekuwa msiribaji wa ovyo! Lakini yeye alichukua jembe lililolika, akauchubua ukuta mzima kwa ncha yake, kona hadi kona, mpaka rangi yote ikadondoka maganda maganda. Akayafagia, akayamwaga kwenye shimo la taka. Akaulowesha ukuta, akausiriba kwa viganja, akaulainisha kwa jiwe la mtoni. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko zote alizowahi kuzitengeneza, na alisimama mbele yake akiwa na furaha, jasho linamtiririka.

Otmar alirudi kesho yake jioni. Akaingia, akaweka sukari mezani, akageukia ukuta kama alivyozoea. Alisimama hapo. Kisha akanyoosha mkono akaugusa, akaupapasa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia mpaka akafika pembeni.

"Umesiriba vizuri," akasema.

"Ni kwa ajili ya wakwe, Baba Coletha."

"Naona."

Hakucheka. Anisia aliliona hilo, akalipuuza, maana kulikuwa na kuku watatu wa kuchinja.

Wakwe walifika siku ya Jumamosi, wazee watano na shangazi wawili. Mzee Ngassa alikuwa mrefu, mwenye fimbo na kofia ya kahawia, na pale mlangoni aliinama, akaingia, akapitisha jicho ukutani kama desturi. Anisia alikuwa amepiga magoti kuwakaribisha, akakisubiri kitu kidogo tu, kichwa kitikisike kidogo kwa kuridhika. Ngassa akazunguka. Akautazama ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akageuka nyuma kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Mkwe wangu," akamwambia Otmar, "yule ng'ombe yuko wapi?"

Akauelekezea fimbo ukuta unaotazamana na mlango.

"Yule wa kwenye mashua. Mimi nimetoka Bugarama nikiwa nawaambia hawa wenzangu kwamba twende kwa huyu, nyumba yake ina mji wa maji, na kwenye ule mji kuna dume linasafiri lenyewe. Posa ziko nyingi, mayu, mabinti wapo kila mahali," akamgeukia Anisia kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sisi tulitaka kukaa na watu wenye nyumba kama hiyo."

Aibu ilimpanda Anisia toka magotini mpaka kwenye masikio. Alijua kwamba mtu mmoja tu mle ndani angeweza kumwaibisha au kumsitiri, na mtu huyo alikuwa na haki zote za kumwaibisha.

"Mchwa, mzee," Otmar akasema. "Mchwa waliula ukuta wote. Mama Coletha kahangaika nao mpaka kashindwa, ndipo akasiriba."

"Mchwa!" Ngassa akapiga paja. "Mchwa hawana adabu kabisa." Akaweka kofia yake juu ya goti, akakaa, akasifu ulaini wa ukuta, wakaanza mazungumzo. Mahari ilikubaliwa bila magomvi. Coletha aliolewa mwezi wa kumi na moja, na mpaka leo yuko Bugarama na watoto wake.

Wakwe walipoondoka, Anisia aliosha vyombo vyote, hata visivyotumika. Kisha akaenda kukaa karibu na mumewe nje, kwenye gogo la mwembe uliokatwa zamani.

"Kwa nini hukuniambia unaupenda kiasi hicho?"

"Ulikuwa na kazi."

"Basi uchore tena. Kesho nakuchanganyia hata udongo mweupe, nakuachia ukuta wote. Hata zote nne, ukitaka."

Otmar alikuwa anatazama mbele, na Anisia alipomgusa bega, Otmar alishtuka kidogo; hakuwa ameuona mkono ukija.

"Macho yangu yanakufa, Mama Coletha. Daktari wa misheni aliniambia mwaka ule niliporudi. Yanaanza pembeni, yanakuja katikati. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye shingo ya chupa."

Anisia alikumbuka vifaranga, na debe la maji, na kila neno alilomrushia kwa ajili ya vitu hivyo. Alitaka kulia, lakini kilio kilikataa kutoka.

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningekwambia ungenihurumia, ungeniwekea kiti. Nilitaka kuchora. Mji ule nilikuwa nao kichwani. Nikauweka ukutani ili nisiubebe tena, nikajua macho yakiisha, nyinyi mnaoona mtakuwa nao. Sasa nikiutafuta kichwani siupati. Nimeutoa wote. Naona maji tu."

Alijaribu, tusiseme hakujaribu. Selestine alimletea mbao tatu zilizopigwa randa, na Otmar akachora maji kwenye mbili, maji matupu ya kijani, mpaka rangi hiyo ikamwishia kwenye kopo. Kisha siku moja, mwanzoni mwa mwaka 1971, akasema kama anayezungumza na brashi, "Nikiambiwa tu kilichomo kwenye ile picha ya Geita, kimoja kimoja, pengine mkono utakumbuka."

Hapo Anisia akapata la kufanya, naye alikuwa mtu ambaye bila la kufanya angeugua. Akafunga michembe kwenye kitambaa, akamwomba Paskalina ampikie kaka yake, akapanda lori la pamba mpaka Buseresere. Akalala kwa mama mmoja waliyesali naye parokia moja, asubuhi akapata basi la Geita. Njia nzima alikuwa anajizoeza kukumbuka. Alihesabu miti, akafumba macho, akajitajia. Alikusudia kuitazama picha ile mpaka aimeze, aje aitapike mbele ya mumewe bila kuacha hata jani.

Klabu ya zamani ya Wazungu wa mgodi ilikuwa imefungwa, nyasi zimefika madirishani. Mlinzi alikuwa mzee mmoja, Mabula, mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Umepotea?"

Anisia alieleza. Mzee Mabula akapokea michembe, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, akacheka peke yake kwa jina la Otmar.

"Huyo mpaka rangi! Alikuwa akimaliza kazi anasimama ukumbini, anaitazama picha kama anaidai. Njoo uione. Kukupa siwezi, mali ya serikali hiyo, ila macho hayana kodi."

Ukumbi ulikuwa mtupu na unanuka popo. Kwenye ukuta wa mwisho, juu ya meza iliyovunjika mguu, palikuwa na picha ya kuchorwa, upana wake haukuzidi sinia la chai. Anisia akaisogelea. Aliona maji ya rangi ya chai ya rangi. Nyumba mbili tatu zimeinama juu yake. Mashua nne nyembamba, nyeusi. Ndani ya moja palikuwa na mtu, kama ni mtu, kwa sababu alikuwa doa tu lisilo na uso.

Alisubiri kidogo, kama vile wengine wangetokea.

"Ile kubwa iko wapi, baba?"

"Kubwa gani?"

"Yenye watu. Yenye bibi harusi, na mama anayeuza michembe. Yenye ng'ombe."

"Ng'ombe?" Mzee Mabula akamwangalia usoni kuona kama anatania. "Mayu, mimi niko hapa toka klabu hii inajengwa. Picha ni hii moja, haijawahi kuwapo nyingine. Watu? Otmar alikuwa akinung'unikia jambo hilo hilo. Alikuwa akisema, 'Mzee Mabula, mji mzuri namna hii hauna hata mtu wa kukopesha chumvi. Nikifika nyumbani nitautia watu.'"

Anisia alikaa kwenye sakafu ile yenye mavi ya popo. Alikuwa amesafiri siku mbili akiamini kwamba alichokibomoa kina ndugu yake mahali fulani, kwamba dhambi yake ni ya kupoteza nakala. Kumbe hakukuwa na nakala. Mji wenyewe ndio uliokuwa sebuleni kwake, na mwingine haupo, Geita wala Ulaya wala popote. Wote wale, wapiga vigelegele, mkaa, pamba, Otmar aliwatoa Ushirombo akawapandisha mashua mmoja mmoja kwa miaka mitatu, na yeye aliwafagia kwenye shimo la taka asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Mzee Mabula akatoka nje kwa adabu, akamwacha.

Kwenye basi la kurudi alikata shauri. Hatamwambia Otmar habari za mashua nne na doa. Hiyo ingekuwa ya kazi gani? Atamwelezea mji wake mwenyewe, wa ukutani, kana kwamba ndio aliouona Geita. Atamrudishia kilicho chake, kipande kwa kipande, na mkono utakumbuka. Wazo hilo lilimpa nguvu mpaka akashuka kwenye lori na kutembea kwa haraka kama msichana.

Otmar alikuwa ameketi barazani, mlangoni, penye mwanga. Alimtambua kwa hatua zake. Alikuwa na ubao wa tatu juu ya mapaja, amekwisha kuupaka rangi nyeupe ya chini, na kopo la rangi nyeusi miguuni. Paskalina alisema alikuwa amekaa hivyo toka alfajiri.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Baba Coletha."

"Imo yote?"

"Imo yote."

Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo Anisia hakuwa ameiona toka siku ya madebe sita ya maji. Akachovya brashi, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo.

"Haya, nianzie chini, mkono wa kushoto."

Hapo Anisia alipajua. Ndipo alipoanzia na jembe. "Kuna mashua," akasema, "na kwenye ncha yake amesimama jogoo, amenyoosha shingo. Nyuma ya jogoo kuna mwanamke amefunga kitenge chekundu."

"Ndiyo!" Otmar akacheka, lile cheko la zamani. "Ndiyo, yule. Anampeleka jogoo kwa mganga, unajua?" Brashi ikaanza kutembea, polepole, na mashua ikatokea kweli kwenye ubao, na shingo ya jogoo. "Na mbele yake?"

Anisia akafungua mdomo. Mbele yake. Alifumba macho kama alivyojizoeza njiani. Akauona ukuta, ukubwa wake, unyevu uliokuwa chini ya dirisha. Akayaona matone ya rangi sakafuni, yote, angeweza kuyahesabu. Akakumbuka habari za bibi harusi, lakini alizisikia tu kwa wageni, hakujua alikaa mashua gani, kavaa nini, anatazama wapi. Ng'ombe vilevile, watu walimsimulia ng'ombe yule ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye akiwa jikoni anakoroga uji. Miaka mitatu alipita mbele ya mji ule na sufuria mkononi.

"Endelea, Mama Coletha."

Brashi ilikuwa hewani, tone la rangi linakusanyika kwenye ncha yake. Alingoja. Alikuwa amegeuza uso kumwelekea, ila kidogo pembeni, pale alipodhani yupo.

"Sijui," Anisia akasema. "Kule Geita hakuna kitu, ni mashua nne tu. Nilitaka kukwambia wa kwako. Siujui. Sikuwahi kuutazama, mume wangu. Nisamehe."

Tone likaanguka katikati ya ubao mweupe, naye Otmar hakuliona.

"Mimi nilikuwa nachora," akasema mwishowe, bila hasira yoyote, "nikidhani unautazama."

Kisha akamnyooshea brashi, akamwomba akaioshe kabla haijakauka.